Jibuni swali, msituulize timu: barua ya wazi kwa TFF, Bodi ya Ligi na viongozi wa Simba na Yanga

Kwa: Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, Mwenyekiti na Mtendaji Mkuu wa Bodi ya Ligi Kuu, viongozi wa Simba SC na Young Africans SC pamoja na maofisa habari wenu.

Nakala: Wizara yenye dhamana ya michezo.

Yah: Uhasama wa mashabiki mitandaoni na wajibu wenu

Ndugu viongozi,

Mimi ni shabiki wa Yanga. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo swali la kwanza litakaloulizwa barua hii ikianza kusambaa: "Kwani huyu timu gani?" Jibu mnalo. Ninachokuja kukisema kingekuwa kilekile hata kama ningekuwa Msimbazi damu, yaani Simba, na naomba kisomwe hivyo.

Kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu huku Mbagala. Halikuanzishwa kwa ajili ya mpira. Lilianzishwa kwa ajili ya misiba, harusi, taka na ulinzi shirikishi. Mpira ulikuja wenyewe, na kwa muda mrefu ulikuwa raha tupu. Simba akifungwa, mzee wa genge anatuamsha na picha ya simba aliyelazwa wodini na dripu mkononi. Yanga akifungwa, picha za vyura, jina wanalotubeza nalo, zinatawala kundi mpaka jioni. Siku ile ya Mei 2012 tulipopigwa 5-0 sikuthubutu kwenda kununua nyanya, na Novemba 2023 tulipowarudishia 5-1 nilikwenda kununua nyanya nisizozihitaji. Mzee akanifungia, akanipa na pilipili za nyongeza, akasema "chukua, leo ni siku yenu."

Hali hiyo haipo tena. Leo nikiona ujumbe mpya kwenye kundi usiku wa mchezo, nafungua nikiwa na wasiwasi nitafuta nini. Matusi ya wazazi. Namba ya simu ya mwamuzi ikiwa imeambatanishwa na maneno "mpigieni." Barua ya kughushi yenye nembo ya TFF, imesambazwa saa sita usiku, inasema fulani amekatwa pointi. Mchezaji wa kigeni aliyekosa penalti anaambiwa arudi kwao.

Kila yanapotokea haya, tunasikia lawama zilezile kutoka juu: mashabiki wetu hawana ustaarabu, mashabiki wetu hawajui kanuni. Mimi nasema chanzo kikubwa ni ninyi. Mnapotoa uamuzi bila kutoa sababu, mnaacha pengo. Pengo hilo analijaza ofisa habari wa klabu kwa namna inayoifaa klabu yake, na nyuma yake yanakuja maelfu ya watu wanaorudia alichosema kwa sababu hawana kingine cha kushika. Mkishafanya hivyo mara nyingi, watu wanajifunza jambo moja baya sana: kwamba majibu hayatafutwi, yanachaguliwa kulingana na jezi.

Tuchukue Machi 8, 2025, siku iliyopangiwa dabi ya Simba na Yanga, kwa sababu sidhani kama kuna siku iliyotuharibia zaidi ya ile.

Ijumaa ya Machi 7 Simba walikwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho wakiwa timu ngeni, wakasema wamezuiwa kuingia. Usiku wakatoa taarifa kwamba hawatacheza. Kesho yake Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo, siku yenyewe ya mchezo, watu wakiwa wameshafika mjini kutoka mikoani. Yanga wakaja uwanjani hata hivyo, kisha wakasema wao hawana mchezo mwingine wa kucheza, pointi ni zao. Shauri likafika mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Uswisi. Dabi ikaja kuchezwa Juni 25, baada ya siku 109, ikiwa imebeba ubingwa, na filimbi ikapulizwa na mwamuzi kutoka Misri. Tulishinda 2-0 na nilifurahi, siwezi kudanganya. Lakini tulifika mahali ambapo mechi ya Kariakoo ilihitaji mtu wa nje aje kuichezesha ndipo pande zote zikubali kuingia uwanjani, na kwangu huo ni ushahidi tosha wa kiwango cha imani kilichobaki kwenu.

Maswali ya usiku ule yalikuwa mepesi. Nani alikuwa na wajibu wa kufungua geti? Simba walitoa taarifa ya mazoezi kwa nani, saa ngapi? Kanuni inayompa mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mchezo inasema nini haki hiyo ikivunjwa: mchezo unaahirishwa, au mwenyeji anatozwa faini na mchezo unaendelea? Ukurasa mmoja ulitosha, wenye saini ya anayewajibika, siku ileile. Badala yake tulipata taarifa za vipande vipande, na kati ya kipande na kipande zikaingia redio, laivu za Instagram na watu wanaojiita wachambuzi. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu hakupita, alihamia kwenye simu zetu.

Kwenye kundi letu yupo kijana ambaye binamu yake alikuja na basi kutoka Mbeya kwa ajili ya mchezo ule. Jumamosi usiku akaandika swali kwa niaba yake: "Jamani, tiketi yake itakuwaje? Na nauli?" Nililiangalia swali lile likizama. Wa kwanza kujibu akauliza: "Yeye ni Kolo au Utopolo?" Yaani Simba au Yanga. Kijana hakusema. Wa pili akasema kama ni Kolo akawadai viongozi wake waliokimbia mechi. Wa tatu akasema kama ni Utopolo akawadai mabaunsa wake waliofunga geti. Baada ya hapo hakuna aliyemkumbuka mtu wa Mbeya tena, ikawa ni geti na mbio, geti na mbio, mpaka alfajiri. Swali la mtu aliyelipa hela yake lilikuwa halali kabisa, na wa kulijibu hawakuwa majirani zake.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndivyo tunavyozungumza sasa juu ya kila kitu, siyo mpira tu.

Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars wamepewa uraia wa Tanzania. Hapo palikuwa na mjadala mzito wa kitaifa. Sheria yetu ya uraia hairuhusu uraia pacha. Watanzania walioko Oman, Uingereza na Marekani wamelililia jambo hilo miaka nenda rudi. Walikuwa na haki ya kuuliza vigezo vilivyotumika, na serikali ilikuwa na haki ya kujieleza. Mlisikia mjadala huo mitandaoni? Ulidumu nusu siku. Ukageuka kuwa Singida ni tawi la Yanga au si tawi la Yanga. Aliyeuliza kuhusu sheria akaambiwa ana wivu, aliyetetea akaambiwa kapewa bahasha, na jambo la uraia wa nchi likaishia kwenye msimamo wa ligi.

Sasa hamieni kwenye siasa zenyewe. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliandika kwamba maji hayajatoka wiki nzima, je, kuna mwenye taarifa? Akajibiwa: "Haya ndiyo maneno ya Chadema." Mwingine akamrukia yule aliyejibu: "Bora Chadema kuliko machawa wa CCM." Nyumba zote tatu zinachota kwenye bomba moja. Hakuna hata mmoja aliyesema maji yatarudi lini. Nilipowasoma nikaona ni maneno yaleyale ya dabi, yamebadilishwa majina tu: wewe ni wa nani kwanza, ndipo tuone kama swali lako lina haki ya kujibiwa.

Najua mtaniambia siasa siyo kazi yenu. Ni kweli. Lakini kijana wa Kitanzania anajifunza kubishana hadharani kwenye mpira kabla hajafikisha umri wa kupiga kura. Ligi ndilo darasa lake. Anaona huko mkubwa akiulizwa swali, anajibu kwa kumtaja muulizaji ni timu gani. Mwaka 2021 Haji Manara, msemaji aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote kwenye soka letu, aliondoka Simba akahamia Yanga. Kuhama kazi ni haki ya mtu yeyote. Ila nilishuhudia wenzangu waliokuwa wakimwita mwongo wakianza kumnukuu, na waliokuwa wakimnukuu wakianza kumwita mwongo, ndani ya wiki chache, bila hata mmoja kuona aibu. Vijana walikuwa wanatuangalia.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulipofika, intaneti ilizimwa. Iliporudi, ilirudi na misiba na hasira. Uchaguzi wenyewe wapo wanaopaswa kuujibu, na barua hii haiwezi kuubeba. Ninachoweza kuwaambia ni kilichotokea kwenye kundi letu. Watu walitukanana kwa vyama mpaka wengi wakajitoa, wa huku na wa huku. Wiki chache baadaye tukafiwa na bibi mmoja aliyekuwa mlezi wa nusu ya watoto wa mtaa. Nikatangaza mchango kama kawaida. Haukufika hata nusu ya unaokusanywa siku zote, kwa sababu waliokuwa wakichanga hawakuwemo tena, na waliokuwemo wengine walisema hawachangii ukoo wa watu wa chama fulani. Tulizika, ndiyo, kwa kukopa. Katika maisha yangu sijawahi kuona msiba ukiulizwa kadi ya chama.

Na hapo ndipo ninapotaka mtulie kidogo, hasa viongozi wa klabu zetu mbili, ambao kila mwaka mnajivunia kuitwa watani wa jadi. Utani tuliorithi una masharti. Wangoni na Wahehe walipigana vita vya kweli karne ya 19, leo ni watani. Wachaga na Wapare ni watani. Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi atakuja kumdhihaki marehemu mbele ya jeneza, na wafiwa watacheka wakiwa na machozi. Lakini mtani huyohuyo ndiye atakayeshika jembe, kubeba maji na kupika. Ruhusa ya kutania inatokana na wajibu wa kusaidia. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, watoto wa Kariakoo hiihii, na wazee wametuachia uhusiano wa namna hiyo. Kipigo cha 5-0 tulichowapa Simba mwaka 1968 na kisasi chao cha 6-0 mwaka 1977, Abdallah Kibadeni akitufunga matatu peke yake, vinatajwa mpaka leo na havijawahi kuvunja nyumba ya mtu. Mnachokiuza sasa kwenye kurasa zenu rasmi kimebakiza dhihaka kikatupa jembe. Mei 2023 tulipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger, majirani wa Msimbazi walishangilia Waarabu. Mei 2025 Simba walipocheza fainali na RS Berkane, sisi tukafanya vilevile. Kushangilia mgeni ni utani wa zamani na sina shida nao. Shida yangu ni pale ofisa habari anayelipwa mshahara anapousukuma kutoka kwenye akaunti ya klabu, halafu viti vikivunjwa anasema mashabiki hawana nidhamu.

Viti vilishavunjwa. Desemba 2024, Simba na CS Sfaxien, zaidi ya viti 200 viling'olewa pale Mkapa, na mwezi uliofuata Simba wakacheza na CS Constantine mbele ya majukwaa matupu kwa adhabu ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Mtandaoni tulibishana kama waliong'oa ni Simba au ni Yanga waliojipenyeza. Uwanja ule ni mali ya umma.

Tunakoelekea pia panajulikana. Mei 2014, mjini Kinshasa, AS Vita Club ilicheza na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Uwanja wa Tata Raphaël. Rais wa Mazembe alikuwa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga. Rais wa Vita alikuwa jenerali wa jeshi, Gabriel Amisi. Vurugu zikazuka, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, watu wakakanyagana, 15 wakafa. Wale walikwenda kuangalia mpira.

Nisieleweke kwamba naomba mkono wa dola. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na anayetishia uhai wa mwamuzi ashughulikiwe kwa sheria kama mhalifu mwingine yeyote. Lakini kumkamata kijana kwa sababu kaandika "mbeleko", yaani timu fulani inabebwa na waamuzi, ni kumwonea, na kufungia mitandao kunawaadhibu hata wanaouza mandazi kwa simu. Amri za juu hazibadilishi mioyo. Kenya mwaka 1980 serikali iliagiza klabu ziachane na majina ya kikabila, Abaluhya wakawa AFC Leopards. Jina lilibadilika, lakini waliokuwa wanaishangilia hawakubadilika.

Ninachoomba ni kidogo na kipo ndani ya uwezo wenu.

TFF na Bodi ya Ligi: Kamati ya Saa 72, inayopitia matukio ya mechi, ikishakaa, uamuzi wake utoke na sababu zake. Kanuni ipi imetumika, ushahidi gani umeangaliwa, upande uliolalamikiwa ulisema nini, kesi iliyofanana na hiyo iliamuliwaje. Mara nyingi tunapata maelezo mafupi tu: klabu fulani imetozwa shilingi kadhaa. Mwamuzi akifungiwa, tuonyesheni tukio lenyewe na mtueleze alikosea wapi. Uingereza tangu 2023 mkuu wa waamuzi anakaa mbele ya kamera, zinachezwa sauti za waamuzi wenyewe wakati wa uamuzi, na anakiri penye kosa. Watu bado wanakasirika, lakini wanakasirikia kitu kilichopo. Sisi tunakasirikia uvumi. Na asiwepo wa kuniambia gharama. Simu inayorekodi laivu za ugomvi inaweza kurekodi maelezo ya dakika kumi.

Simba na Yanga: wekeni kwa maandishi mipaka ya maofisa habari wenu, na muisaini mbele ya wanachama. Atanie mpaka tucheke tulale. Asimtaje mwamuzi kwa jina kabla ya mchezo, asiguse kabila, dini wala nchi ya mchezaji, na akisambaza taarifa isiyo ya kweli aifute na kuisahihisha kwenye ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule. Kama mnaweza kumkata mshahara mchezaji aliyechelewa mazoezini, mnaweza na hili.

Na wote kwa pamoja: ondoeni vyama kwenye jezi zetu. Katiba ya FIFA, ibara ya 4, inataka mpira usiegemee upande katika siasa. Najua historia, najua Yanga ilivyokuwa karibu na vuguvugu la TANU, na najua rangi zetu na za chama tawala zinavyofanana. Zama zile nchi nzima ilikuwa inadai uhuru mmoja. Leo kwenye jukwaa moja wanakaa wa CCM, Chadema, ACT na wasiotaka kusikia chama chochote, na wote wamelipa kiingilio. Rais wa nchi akija kwenye matamasha ya klabu, Simba Day au Wiki ya Mwananchi ya Yanga, karibu sana, ni Rais wetu sote, na fedha za "Goli la Mama", zawadi ya Rais kwa magoli ya mechi za kimataifa, zimewasaidia wachezaji. Lakini kiongozi wa klabu akitaka kupanda jukwaa la kampeni apande kwa jina lake, jina la klabu aliache ofisini. Akilibeba, anawaambia nusu ya mashabiki wake kwamba jezi waliyonunua siyo yao.

Mwaka 2027 tunaandaa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, pamoja na Kenya na Uganda. Wageni watazisoma kurasa zetu kabla hawajaviona viwanja vyetu.

Dabi ijayo itakapopangwa, tunaomba siku hiyohiyo mchapishe waraka mmoja uliosainiwa na Bodi na klabu zote mbili: ratiba ya mazoezi ya timu ngeni na jina la ofisa atakayefungua geti, nani pekee mwenye mamlaka ya kuahirisha mchezo, na mwisho wa kufanya hivyo ni saa ngapi, na mwenye tiketi atarudishiwa fedha zake kwa njia gani, ndani ya siku ngapi. Nitaubandika kwenye kundi letu mimi mwenyewe, na mtu akiuliza nitamwelekeza kwenye ukurasa. Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu katika michezo,

Katibu wa kundi la mtaa, Mbagala, Dar es Salaam